Udi Chumbani kwa Mama Brighton

Stara Rajabu aliitwa mchawi kwa sababu ya harufu ya nguo zake. Aliyelitamka neno hilo ni mwajiri wake, Bi Cecilia, yaani Mama Brighton, mwanamke aliyesoma, mbele ya wageni waliokuja kunywa chai nyumbani kwake Uzunguni, Dodoma, Oktoba 1997.

Mume wa Bi Cecilia, kama wengi biashara ya nje ilipofunguliwa, aliagiza bidhaa Dubai, na safari moja akaleta kiyoyozi cha nyumba nzima: mashine moja nje, njia za bati darini, na tundu la hewa katika kila chumba. Stara alikuwa mpishi wao. Kila alasiri, kabla ya kurudi kwake Chang'ombe, humo humo Dodoma, alisimama koridoni karibu na stoo akalifukiza buibui lake kwa udi, asije akanuka vitunguu njiani.

Harufu ikaanza kusikika chumbani kwa Bi Cecilia, mlango umefungwa na ufunguo uko mkobani mwake.

"Umeingiaje humo?" Bi Cecilia alimuuliza siku ile ya chai.

"Sijaingia, Mama Brighton. Wallahi sijaingia."

"Basi wameingia majini yako! Jamani, mchawi ananipikia, nami nakula!"

Wageni walicheka, lakini mmoja alikiweka kikombe chake chini.

Stara angejiteteaje, ilhali harufu aliitambua kuwa ya udi wake mwenyewe? Aliacha kufukiza, harufu ikakoma, na kukoma kwake kukafanywa ushahidi. Akaanza kujiogopa. Alisoma Ayatul Kursiyu, aya ya kujikinga, kila alipoingia koridoni, akijiuliza ni kitu gani kinachomtoka na kupenya milango. Chang'ombe nako habari ilimtangulia: kwenye arusi ya jirani, wanawake waliipokea sinia yake ya wali, wakaiweka kando bila kuigusa. Mpishi asiyeliwa chakula chake anabaki na nini?

Desemba vyumba viliacha kupoa, akaitwa fundi Mazengo. Alifungua wavu mkubwa ukutani kando ya stoo, akatoa chujio lililoziba kwa vumbi jekundu, akalinusa.

"Eh! Chujio linanukia kama bi arusi. Nani anafukiza hapa?"

"Udi ulikuwa chumbani kwangu, si hapa," alisema Bi Cecilia.

"Ni huu huu, Mama. Nyumba hii ina pua moja, nayo ndiyo hii. Inavuta hewa ya ndani, inaipitisha kwenye mabomba ya baridi, feni inaisukuma darini mpaka vyumbani, kisha inaivuta tena. Kinachotupwa nje ni joto tu. Mkikaanga samaki hapa, mtalala naye."

Bi Cecilia alimgeukia Stara, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni, akashusha sauti.

"Basi, Stara. Yameisha."

Yameishaje? Tuhuma ilitolewa sebuleni, msamaha unanong'onwa koridoni! Stara alivua aproni yake.

"Uliponiita vile, Mama Brighton, watu walikuwapo."

Akaondoka.

Jumamosi, tarehe 14 Machi 1998, Bi Cecilia alifika Chang'ombe pamoja na wageni wale wale, akaketi mkekani barazani kwa Stara, akaeleza kosa lake mbele ya majirani, na akala wali aliopikiwa na Stara.