Kipande cha Mtu

Maji ya mto yakipungua huacha harufu ya tope lililochomwa na jua, na kwetu Mugutha harufu hiyo ilichanganyika na uchachu wa maganda ya kahawa kutoka kiwanda kilichokuwa juu ya mto. Desemba hiyo, nikiwa na miaka kumi, mvua za vuli zilikosa, na mto ukajikunja upande mmoja ukaacha ukingo mpana wa mchanga. Sisi watoto tuliuita bichi. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona bahari, lakini tulitandika leso za mama zetu na kujilaza kama watu wa kwenye televisheni, mpaka tuitwe tukateke maji. Siku moja nikichimba mchanga kwa mikono niligusa kitu kigumu. Kilikuwa kikopo bapa cha madini, kirefu kama kidole changu cha kati, kimeshikwa na tope na ukoko wa kijani. Juu kilikuwa na kipete kidogo, kama cha kupitishia uzi, na kifuniko chake kilikuwa kimegandamana.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Niliwahi kutolewa nje ya darasa la Jumapili kwa kutaka kujua Nuhu aliwalisha simba nini. Basi nilifungua daftari, nikaandika: kitu hiki ni nini, ni cha mwaka gani? Kisha nikampelekea Guka, baba yake baba, aliyeishi chumba cha nyuma na ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu. Kwa kuwa nilipewa jina la mkewe, aliniita mke wake, na mimi nilimjibu kwa kiburi cha mke mdogo.

"Mke wangu, leo umeniletea nini?"

"Sijui. Ndio nakuuliza."

Alikigeuza, akagusa kile kipete, na tabasamu lake likaisha. "Hii ni kipande."

"Kipande ya nini?"

"Ya mtu."

Niliandika hivyo hivyo, kipande cha mtu, nikawaza mfupa, nikacheka. Yeye hakucheka. "Niachie hapa. Nitailoweka kwa mafuta ya taa polepole. Hii haitaki haraka. Baba yangu alikuwa..."

"Guka, mimi nataka mwaka."

"Mwaka siijui."

"Basi nitauliza mwalimu."

Nilimwonea huruma, nikidhani uzee umeanza kumchanganya. Pia niliogopa kwamba atakiharibu. Nilikifunga ndani ya karatasi ya nailoni nikakificha chini ya godoro hadi shule zilipofunguliwa.

Mwalimu wetu wa sayansi alikipima mkononi, akasema huenda ni sehemu ya taa ya zamani kutoka nyumba za masetla wa Kizungu, na kwamba nikitoa ule ukoko tutajua ni madini gani. Jioni nzima nilikaa nyuma ya jikoni nikikisugua kwa jivu na waya wa kusugulia sufuria. Kilitoka cha manjano, laini kila upande, ingawa kifuniko hakikufunguka. Nilimpelekea Guka kwanza ili akubali kwamba alikosea. Alipitisha kidole gumba upande mmoja, akageuza, akapitisha upande wa pili, akarudia tena kuanzia mwanzo.

"Umeisugua," akasema.

"Ndiyo. Ni shaba, si unaona?"

"Ni safi sana." Akanirudishia. Siku hiyo hakuniita mke wake.

Kikopo kilikaa kwenye kona ya sayansi darasani, na chini yake kibandiko nilichokiandika mwenyewe: sehemu ya taa ya kale. Madarasa yalipopakwa rangi kilipotea, na hata sikukitafuta. Guka alifariki nikiwa kidato cha pili.

Nilipotimiza miaka kumi na minane nilipanga foleni Ruiru, nikachukuliwa alama za vidole, nikarudi nyumbani na wino mikononi. Tata Nyambura, dada yake baba, alikuwa amekuja kututembelea. Aliona vile vidole akasema, "Haya, sasa wewe ni mtu mzima. Umeenda kuchukua kipande."

"Kipande?"

"Kitambulisho. Wazee waliita hivyo. Ya mkoloni ilikuwa karatasi ndani ya kikopo, mwanamume anavaa shingoni kama kengele ya mbuzi."

Nilimwomba aniambie yote. Baba yake Guka alikuwa kibarua wa kukata mkonge upande wa Thika. Jioni moja alirudi bila kipande, akasema uzi ulikatika akivuka mto. Mzungu aliyemwajiri alidai kwamba amekiuza kwa mtu mwingine, na baba yake Guka akafungwa. Hata nyumbani wengine waliamini alikiuza, na Guka alikua akichekwa na wenzake kwamba ni mtoto wa mwongo. "Guka yako alisema ikipatikana ataijua," Tata alisema. "Baba yake alikuwa ameikwaruza alama tatu na msumari, isichanganywe na za wenzake."

Baadaye, chuo kikuu, niliupata ule mwaka nilioutaka sana, au tuseme miaka: vikopo vile vilianza kuvaliwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, vikaachwa muda mfupi baada ya vile vya Pili. Nimesoma, nimelinganisha picha, sina shaka kwamba nilichookota kilikuwa kipande. Lakini vibarua waliovuka mto ule walikuwa wengi, na siwezi kuapa kwamba alama tatu zilikuwapo. Sikuziangalia. Nilikuwa nikiangalia kama nimeshinda.

Siku hizi ukingo ule umezungushiwa ukuta wa nyumba za kupanga, na mtoto akiokota kitu anakipiga picha na simu inamjibu. Mwaka jana ukoo wetu uliamua kuandika habari zake kwa ajili ya wajukuu. Binamu yangu alipofika kwa baba yake Guka alisimamisha vidole juu ya kompyuta, akaniuliza mimi, msomi wa nyumba, aandike kipande chake kilipotea au kiliuzwa. Nilitaka sana kusema kilipotea. Nikasema, "Andika haijulikani." Aliandika. Tata Nyambura alikuwa akimenya viazi pale pembeni, na hakuinua kichwa. Kwa miaka yote ile shaka juu ya mtu yule ilikuwa maneno ya midomo tu, na aliyeitia katika maandishi ni mimi.