Picha ya Mtoto wa Memsabu, na Wangu wa Makambako

Kamwene, nyie wote! Huyo aliyeziba moto asogeze miguu, baridi hii ya Njombe inatafuna watu. Mnazisifu picha hizi za zamani, watoto wa masetla, kofia nyeupe, soksi mpaka magotini, wametulia kama mayai kwenye kapu. Hawakutulia! Niulizeni mimi, yaya wao.

Enzi za Mwingereza nililea kwa setla mmoja hapa Njombe, mtu wa kondoo na miti ya miwati. Binti yangu nilimwacha Makambako kwa mama yangu, ndiyo kwanza anaota meno. Wa memsabu alikuwa rika lake. Basi nikambeba huyo, wangu akabebwa na bibi yake. Kila mwisho wa mwezi nadandia lori, naenda kumwona, asije akanisahau sura.

Mwezi mmoja, siku yangu ya lori, akaja fundi picha kutoka Iringa. Sanduku lake lile la kupigia picha, watu wawili wangelala ndani na kugeuka.

"Yaya, leo huendi," memsabu akasema.

"Ndiyo, memsabu." Mimi huyu, ninayebishana hata na mvua!

Mtoto akawekwa kitini. Akalia! Alilia mpaka wavuvi wa Lupingu kule ziwani wakavuta nyavu, wakidhani dhoruba. Kunyamaza ni kwangu tu, na memsabu hataki yaya kwenye picha. Fundi akasema, "Mfunikeni." Wakanifunika shuka gubigubi, kichwa na vyote, mtoto juu ya mapaja yangu.

"Yaya, usipumue!"

"Nikifa je, bwana fundi?"

"Utakufa picha ikiisha!"

Mtoto akapenyeza mkono chini ya shuka, akashika kidole changu, kimya. Nami mle gizani nikafurahi. Nikafurahi kabisa, jamani, nikamwimbia kwa Kibena, wimbo wa kumbembelezea wangu. Na wangu saa hiyo yuko kando ya barabara na bibi yake, wanachungulia kila lori. Nilipomkumbuka, lori lilishaondoka. Mimi nikisimulia hapa nacheka, lakini pale huwa napapita haraka.

Picha moja ilitoka na ukungu, memsabu akanipa. Nikampa dereva wa lori: "Mpelekee mama yangu. Mwambie amwonyeshe mtoto kila siku, amwambie mama yako yumo humu." Nikajiona nina akili kumshinda Bwana Disii, mkuu wa wilaya mwenyewe! Mama naye, macho yalishaliwa na moshi wa jikoni, akawa anaweka kidole popote kinapoangukia: "Mama yako huyu. Haya, mwamkie." Mtoto anaamkia picha asubuhi na jioni.

Masika yakakata barabara. Memsabu akajifungua mwingine. Mimi, kutoka hakuna, miaka miwili. Siku nilipofika Makambako nikamkuta binti anakimbia, anaongea, mdomo kama wangu.

Nikapiga magoti, mikono wazi. "Njoo kwa mama!"

Akarudi nyuma. Akaingia ndani, akatoka na picha, kidole kwenye kile kitoto cha kizungu. "Mama huyu."

"Huyo mtoto, mwanangu. Mama ni mimi. Nimo ndani ya hilo shuka."

Akaitazama. Akaigeuza, akatazama mgongoni mwa picha. "Hayumo."

Nikaona nimwonyeshe kwa vitendo. Nikaketi chini, nikajifunika kanga kichwa chote. "Ona! Si ndiyo hivi?" Machozi yananitoka humo ndani, nashukuru kanga. Nikanyoosha mkono nje, nikangoja ashike kidole.

Hakushika. Nikasikia anakimbilia uani kwa bibi yake, anapiga kelele:

"Bibi! Kuna mgeni kajifunika kanga, anasema yeye ni mama! Tumchinjie kuku, au tumfukuze?"