Sanduku Lililomwangukia Baba Mdogo

Naiona bado ile asubuhi, mwanangu. Krismasi imepita siku mbili, nimevaa gauni langu jipya, nimekaa kwenye benchi la ofisi moja pale Moshi mjini, najiona mjanja kuliko wilaya nzima. Na usinicheke ninavyokuita mwanangu. Meno yangu yote yapo, mvi ninazo nne tu na nazijua moja moja. Ila kuna mambo niliyaona mapema, na nisipokwambia leo utakuja kuyajua kwa kuumia kama mimi.

Ilikuwa enzi ile ya ruksa, mitumba imejaa sokoni, na mimi nimemaliza la saba miaka mitatu nyuma. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, mdomo wangu hauna breki. Kwa hiyo Baba Mdogo Aminieli alipotaka mtu wa kushughulikia karatasi zake, unafikiri alimwita nani?

Baba Mdogo alikuwa askari kwenye vita vya Kagera. Alirudi kwetu Marangu na mguu wa kushoto uliopinda, mfupa umeunga vibaya. Miaka yote akawa anachechemea kwenda kukata majani ya ng'ombe, hasemi kitu. Mwaka ule kidonda kikafumuka juu ya mfupa, na daktari akamwambia wazi: upasuaji, la sivyo mguu unakatwa. Hospitali ya jeshi ingempasua bure, ila kwanza bodi ya madaktari ikubali kwamba aliumia kazini. Jina lake jeshini lilikuwepo. Picha ya eksirei ilikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi inayosema aliumiaje. Karani wa ile ofisi ya Moshi akataka mashahidi wawili walioona kwa macho yao, waandike.

Sasa mashahidi utawatoa wapi? Mmoja, Kanuti, aliyekuwa naye vitani, anauza spea Tunduma. Mwingine, Elisafi, ni fundi cherehani Mwanza. Lakini Desemba Mchagga gani anabaki huko aliko? Wanarudi wote, na mbuzi wao! Mimi nikakaa tu kungoja Krismasi, nikawakamata wote wawili ndani ya siku moja. Nilikuwa natamba, we acha tu.

Kosa langu ni hili. Nilimwuliza Baba Mdogo aliumiaje, akasema, "Tulikuwa tunashusha mzigo kwenye lori, sanduku la risasi likaniangukia."

Sanduku! Nikachoka kabisa. Nani atamhurumia mtu aliyeangukiwa na sanduku? Hata magunia ya kahawa yanaangukia watu. Basi nikampa bomu. Nikaandika barua mbili kwa mkono wangu, moshi, damu, risasi zinalia kama mvua ya mawe kwenye bati. Elisafi alisaini akiwa ameshakunywa pombe ya mbege ya kutosha. Kanuti alisaini haraka haraka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hilo nililiona, sikuliwazia.

Karani alikuwa mama mmoja mnene, mpole, miwani imening'inia kifuani. Akaziweka barua zangu mezani, moja pembeni ya nyingine.

"Binti, huyu Kanuti anasema bomu lilipiga kishindo kama kilele cha Kibo kimekohoa."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu Elisafi naye ameisikia Kibo ikikohoa."

"Walikuwa wamesimama karibu karibu, mama."

"Huko Kagera?"

Akainua ile picha ya eksirei dirishani. "Mfupa umepondeka, hiyo naiona. Chuma hakuna hata punje. Bomu lenu lilitengenezwa na nini, ugali?"

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Siku nyingine ningecheka nao.

"Nikizipeleka hizi," akasema taratibu, "bodi itamwita mwongo mtu aliyeumia kweli. Chukua. Mafaili ya bodi yanaondoka hapa kesho saa sita mchana."

Mwanangu, nilipanda mlima siku ile nalia barabarani na gauni la Krismasi. Maana Kanuti alikuwa anaondoka kesho yake alfajiri, na mguu wa Baba Mdogo niliuona kabisa umebaki hospitali bila mwenyewe.

Nilimkuta kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, anafagia chini ya migomba. Nikamwambia yote. Hakunipiga, hakupaza sauti, afadhali angenipiga.

"Kwani kushusha risasi haikuwa vita?" akaniuliza. "Wale wa mbele walikuwa wanapiga nini, maembe? Mimi nimetembea na mguu wa sanduku miaka yote hii. Wewe umeuonea aibu siku moja tu."

Akachukua fimbo yake. "Twende kwa Kanuti."

Tulimkuta Kanuti anapakia ndizi kwenye pikapu. "Karibu, mbe, rafiki yangu! Leteni kiti! Leteni mbege!"

"Kanuti, ile barua ya bomu imekataliwa," Baba Mdogo akasema akiwa bado amesimama. "Uandike ya sanduku."

Kanuti alikuwa ameshika mkungu. Akanipa mimi, akageuka, akapotelea nyuma ya nyumba.

"Amekimbia huyo!" nikasema.

"Tulia."

Alirudi pole pole, ameshika jani la isale amelipiga fundo, kwa mikono miwili. Unajua kwetu jani la isale likiletwa hivyo ni kuomba msamaha, na aliyeletewa hawezi kukataa. Lile pande la mtu, mwenye pikapu yake, limeinama mbele ya Baba Mdogo.

"Aminieli, lile sanduku lilinitoka mimi. Mikono ilikuwa imelowa. Niliogopa nikiandika wataniuliza nani alilishika upande wa juu."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilikuwa naangalia juu, Kanuti. Sanduku halina uso. Wewe unao, na niliuona."

"Na hukusema miaka yote!"

"Ulikuwa na homa siku tatu na bado ulikuwa unabeba. Ningesema nini?"

Akalipokea jani. Na mimi nimekumbatia mkungu wa ndizi wa watu, sijui niuweke wapi.

Nikatoa kalamu upesi. Baba Mdogo akaninyang'anya. "Aandike mwenyewe." Kanuti akaandika, ulimi nje, herufi kama kuku amepita kwenye tope. Kesho yake jua halijatoka tumeshapanda gari kwenda Machame kwa Elisafi; huko nikamwambia sahau yangu yote, sema ulichoona wewe. Akaandika kwamba kiatu kilikuwa kipya, wakakipasua kwa kisu kuutoa mguu, na Aminieli akalilia kiatu kuliko mguu. Tukashuka Moshi mbio, Baba Mdogo ananivuta mimi badala ya mimi kumvuta yeye!

Tukafika saa tano na nusu. Yule mama akavaa miwani, akasoma. Akarudia.

"Mmoja anasema mvua ilikuwa inanyesha. Mwingine anasema ilishakatika."

Nikashika kalamu. "Nikarekebishe, mama?"

"Ukigusa nitakuchapa! Watu waliokuwepo kweli hawaoni kila kitu sawasawa." Akagonga muhuri, paa! Nikaruka pale ofisini, nikamkumbatia na meza yake.

Bodi ilikubali. Siku ya kwenda hospitali Kanuti alitoka Tunduma na pikapu yake, akamwendesha Baba Mdogo mwenyewe, hakutaka dereva. Mguu haukunyooka wote, lakini upo, na asubuhi ya leo umepanda kanisani.

Basi, mwanangu, ukimsaidia mtu kudai haki yake, usimpe maumivu mengine unayoona yanapendeza zaidi. Yake yanatosha. Tafuta waliokuwepo, waache waseme kwa midomo yao, hata wakigongana kidogo. Na yule anayesaini haraka sana, kaa naye, kuna kitu kinamkaba. Mdomo mtamu ni zawadi, nami ninao, lakini siku ile nusura umwachie mtu mguu mmoja.

Nenda, Mungu akulindie miguu yote miwili. Akupe wenzako wa kusimama na kusema walichoona. Na ikitokea wewe ndiye uliyeangusha, akupe nguvu ya kwenda mwenyewe, mchana kweupe, ukaseme.