Siku Wazazi Wangu Waliposhika Bendera

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mjini, na sioni haya kulisema, hata pale Bungeni ambako wengi hupenda kutaja vilima walikozaliwa babu zao. Baba yangu ni fundi wa magari. Alikuwa akifungua injini barabarani mbele ya nyumba yetu, nami nikisoma Kifaransa kwa sauti huku nikimpa spana. Siku nilipokula kiapo cha uwakili, mtaa mzima ulikuwa na habari kabla sijarudi nyumbani. Tangu siku hiyo baba hakuniita tena kwa jina langu. Ananiita "Metre", kama mawakili wanavyoitwa katika mji huu, hata akitaka nimpe chumvi tu.

Kazi ile niliipenda na najivunia. Nilikuwa wakili mkali, na wanaosema nilikuwa mkali kupita kiasi ni wale niliowashinda. Lakini kesi iliyonisukuma kwenye siasa ni moja niliyoshindwa. Mteja wangu alikuwa mjane wa mtaani kwetu, mwanamke aliyeolewa mbele ya shehe, kwa mahari na pilau, majirani wote wakishuhudia. Mumewe alipofariki, shemeji zake walikuja kuidai nyumba kabla ya arobaini. Jaji akauliza jambo moja tu: je, ndoa iliandikishwa komini, yaani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa? Haikuandikishwa. Kwetu wengi waliona nikaha inatosha, na mbele ya Mungu inatosha kweli. Mbele ya sheria, yule mama alikuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Alihamia Carama kwa dada yake, na masufuria yake kichwani. Nililia ndani ya gari, halafu nikakasirika, na hasira ile haijaniisha mpaka leo.

Jioni ileile nilikwenda kwa wazazi wangu, kwa sababu mama yangu naye aliolewa hivyohivyo, kwa shehe tu. Kiwanja ni cha baba, lakini kuta zimesimama kwa sambusa za mama, aliyekuwa akiamka kabla ya adhana kukanda unga. Na baba ana wadogo zake ambao wakija kula Idi hutazama dari na madirisha kuliko wanavyotazama sahani. Nilijua vizuri watakachofanya siku baba akifumba macho.

"Baba, mwende komini mkaandikishe ndoa yenu," nikamwambia.

"Apana," akasema. "Mi nilishaoa. Shehe alisoma, watu walikula, Mungu aliona. Sasa mi muzee niende kushika bendera kama kijana wa juzi? Watu watasema siku zote nilikuwa na mama yako bure."

Maana kwetu ndoa ya komini ni hivyo: bwana na bibi harusi hushika bendera ya taifa kwa mkono mmoja, huinua mwingine, na kuapa mbele ya afisa. Kwa vijana ni wakati wa kupiga picha. Kwa baba ilikuwa ni kukiri hadharani kwamba sisi watoto wake tulizaliwa nje ya ndoa. Nilimweleza sheria kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kirundi, nikamwongezea na Kifaransa. Mimi niliyezoea kuwafunga midomo mawakili wenye mvi sikuweza kumtoa mzee mmoja kwenye kigoda chake.

"Muache, Metre," mama akasema. "Kichwa yake unaijua."

Nilipogombea ubunge, hilo ndilo lilikuwa neno langu kila nilikokwenda: wake waandikishwe, walindwe. Kwenye mkutano wa Ruziba wanaume walinizomea. Mmoja akauliza mume wangu anakula wapi, kama mimi niko huko nazurura. Nikamjibu: anakula jikoni, anajipikia, na anapika vizuri kuliko wewe. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega, na naamini kura zao nilizipata palepale.

Lakini huko Mutanga Nord, katikati ya mkutano, sauti ya mtu ikatoka nyuma: "Na mama yako je, yeye alishika bendera?"

Ningeweza kumzungusha, kazi hiyo naijua. Nikasema ukweli. "Bado. Baba yangu amekataa, nami bado nambembeleza."

Kabla jua halijazama maneno yale yalikuwa yamefika Buyenzi. Baba alinuna. Nikipita kumsalimu, aliingiza kichwa chini ya boneti na kunijibu akiwa humohumo. Nilishinda uchaguzi, mtaa ukapiga ngoma, yeye akanipa mkono kama anavyompa mteja.

Hata hivyo siku ya kiapo alikuja, kanzu imepigwa pasi, koti juu yake, mama kando yake. Nilisimama, nikainua mkono wa kulia, nikaapa kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilijivunia mno, na sitajifanya mnyenyekevu hapa. Nje, watu wakiniita Nyakubahwa, yaani Mheshimiwa, na kunikumbatia, baba akanivuta pembeni.

"Metre, wakati ulikuwa avoka uliapa, sivyo?"

"Niliapa, Baba, nilipopata uwakili."

"Na leo umeapa tena. Basi ile ya kwanza ilikuwa ya uongo?"

"Hapana. Ile ya kwanza iko palepale."

Akakuna ndevu, akatazama watu wanavyopita. "Aya," akasema. "Utupeleke komini."

Nimesema mengi Bungeni tangu hapo, na mambo ya mirathi bado tunayavutana, wala sitachoka. Lakini siku ninayoisimulia zaidi ni ile ya komini. Wazazi wangu walisimama foleni pamoja na mabinti wenye magauni meupe. Zamu yao ilipofika, baba aliikamata bendera kama usukani wa gari lisilo na breki. Afisa akamuuliza kama anamkubali mwanamke huyu awe mke wake. Akajibu haraka, apate kuondoka. Kisha afisa akamgeukia mama kwa swali lilelile.

Mama akanyamaza.

Nikadhani hakusikia, nikainama kumnong'oneza. Akanizuia kwa mkono.

"Nimesikia," akasema. "Mungoje kidogo. Siku ya nikaha mi nilikuwa chumbani, baba yangu njo alijibu. Mi waliniambia ninyamaze, ati kunyamaza njo kukubali. Hakuna mutu aliniuliza."

Sikuwa na sheria yoyote ya kumsaidia baba. Yeye akamgeukia mama, bendera bado mkononi.

"Basi mi nakuuliza," akasema polepole.

Mama akamtazama kuanzia kandambili mpaka kofia, bila haraka, kama mtu anayechagua kitenge sokoni.

"Nakubali," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni nje. "Leo njo nimekubali mimi."