Fisi wa Mwalimu Filbert na mama wa pembeni

Simu imeniambia tangu asubuhi, nami bado nabishana nayo. Mwalimu Filbert hayupo? Nani sasa atanisahihisha mikato kwenye posti zangu?

Vijana, hamkumjua. Alitufundisha kusoma sisi watu wazima wa Nyakahura, enzi za vijiji vya Ujamaa. Nilikuwa na ndevu tayari, jina langu siwezi kuliandika.

Kitabu kimoja, wanafunzi arobaini. Akatuchorea hadithi ya fisi aliyekabidhiwa mbuzi wa kijiji.

Anga aliipaka bluu ya kufulia, manyoya ya fisi kahawa iliyokolea. Rangi ya dukani alikuwa nayo moja tu, nyekundu, kichupa kidogo kutoka Ngara mjini. Sikuona kaitumia wapi.

Shida ikawa fimbo. Fisi kashika fimbo, na mwenyekiti wetu wa kijiji naye hatembei bila fimbo.

Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti alitaka picha ichanwe na Mwalimu ahamishwe. Akiondoka, darasa limekufa, na mimi ndiyo kwanza nimefika herufi M.

Mwalimu akasimama taratibu. "Ndugu Mwenyekiti, huyu ni fisi. Kama kuna mtu anafanana naye, nitajie jina, nimrekebishe leo hii."

Mkutano mzima ukatazama chini. Mwenyekiti akafunga mkutano. Jina hakulitaja.

Vita vilipokuja, malori ya wanajeshi yakipita, Mwenyekiti huyo huyo akawa analeta wageni darasani. Anawaonyesha kwa fimbo yake kwamba huyu ndiye nduli aliyeivamia nchi yetu, sisi tulimchora mapema. Mwalimu anaitikia kwa kichwa. Bosi ni bosi.

Mwaka juzi nikamuuliza, fisi alikuwa nani hasa? Akacheka mpaka akakohoa.

"Wote mlimtazama fisi. Nani alimtazama yule mama wa pembeni?"

Kweli yupo, chini kabisa, kabeba kigae chenye kaa la moto. Miaka yote nilidhani ni pambo.

Kumbe ni mama yake Mwalimu, siku walipohamishwa kwa lazima kwenda kijiji cha Ujamaa. Nyumba waliiacha, migomba wakaiacha. Moto wa jikoni mama akaubeba njia nzima, akiupuliza, akawashia jiko jipya.

"Fisi nilimweka awashughulishe wakubwa," akasema. "Wangemwona mama, wangeuliza kwa nini analia."

Picha alinipa siku hiyo, iko ukutani kwangu. Fisi amefifia, kahawa haidumu. Ile nyekundu ya Ngara nimeiona sasa: iko kwenye lile kaa la kigaeni, na haijapauka.

Pumzika, Mwalimu wangu. Moto ulifika.