Mlango wa Ningu

Hapa mjini, Chemchem, nikisema "mlango wa mume wangu" watu wanadhani nazungumzia nyumba. Wacha niwaeleweshe. Kijijini kwetu, upande wa Usinge, mlango ulikuwa mtoni. Wanaume walijenga uzio wa fito na matete kutoka ukingo huu mpaka ule, na kila mji, yaani kila boma la familia, ulikuwa na upenyo wake katika uzio huo. Masika yakiisha na maji yakianza kushuka, unatega mgono, ule mtego wa kusukwa, kwenye upenyo wako na samaki wanaingia. Baadaye, kiangazi kikikaza, unatoa mgono na kuziba upenyo kwa mlango wa matete uliofungwa kwa kamba za magome ya miombo, ili samaki waliobaki wakae kwenye vina vyao wasitawanyike.

Mvua za kwanza zikinyesha, wale samaki tunaowaita ningu wanataka kupanda mto. Wanakwenda kutaga huko juu, mbugani, majani yanapofunikwa na maji. Basi kila mwenye mlango anashuka mtoni na kuung'oa kwa mkono wake mwenyewe. Nasema mkono wake mwenyewe, maana kwetu mlango wa mtu haukuguswa na mwingine, hata mke. Uliguswa siku moja tu, siku ya kumaliza matanga yake. Mjane aliingia majini, akaung'oa, akauachia uende na maji, kisha akapiga yowe, na wanawake walioko ukingoni wakampokea kwa kilio. Ukishafanya hivyo mumeo amekufa, hata kama yuko Tanga anakunywa chai.

Wangu alikwenda Tanga, kwenye mkonge. Alitaka baiskeli. Baiskeli, jamani! Kwetu mbung'o walikuwa wengi kuliko njia, sijui angeiendesha wapi. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema atanipakia nyuma mpaka kanisani watu wakome. Nilimsindikiza stesheni ya Usinge, na treni ilipoanza kuondoka alitoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Ningu wakipanda mwaka huu, mimi ndiye nitawafungulia!" Wenzake ndani ya behewa walimcheka. Mimi niliona aibu, nikageuka kuondoka kabla behewa lake halijapotea. Hatukuwa tumejaliwa mtoto bado.

Mwaka ule ningu walipanda na mlango wake haukufunguliwa. Hakuna aliyenisema. Milango mingine mingi ilikuwa imefungwa, maana wanaume wengi walikuwa mkonge au kwenye reli, na waliobaki walikuwa wazee na wagonjwa. Mama mkwe wangu, ambaye nilibaki naye peke yetu katika mji ule, hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Baba yake alikuwa mpagazi wa enzi za misafara, alibeba pembe mpaka pwani, akarudi wakati watu wameshaacha kumtaja. "Mwanamume wa kwetu anachelewa tu," aliniambia. "Wewe utulie, mwanangu." Nikatulia. Mwaka uliofuata nikatulia tena.

Sasa ningu hana subira kama mimi. Akizuiwa anajigonga kwenye uzio mpaka pua inachubuka, anageuka, anarudi, anajigonga tena. Tulianza kuwaokota wamekufa na mayai yao tumboni, korongo wamejipanga ukingoni wanashiba bila kazi. Samaki walioshuka baada ya masika walikuwa wachache na wembamba. Ikafika mwaka migono ikawa inatoka mitupu, na watoto wakawa wanauliza ningu wana ladha gani.

Wanawake ndio walioitisha kikao, na wazee wakaja kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Tukakubaliana mambo. Utupa, ile sumu ya kuvulia, usitiwe mtoni tena, hata kwenye kidimbwi cha mwisho, kwa maana unaua mpaka vitoto. Kule mbugani ningu wanakotagia pasilimwe wala pasichomwe moto. Miti iliyoangukia mtoni tuiondoe kwa pamoja, na kweli tuliiondoa, tukiimba, matope mpaka kiunoni. Siku zile nilikuwa na furaha. Nilishika kamba moja na wenzangu, nikasahau.

Halafu shoga yangu mmoja, ambaye mumewe naye alikuwa mkonge, akasema lile ambalo kila mtu alikuwa nalo moyoni: "Na milango?"

Mzee mmoja akasema mila ni mila, anayetaka kufungua mlango wa mumewe afungue, lakini asije akasema hakujua maana yake. Na asilazimishwe mtu. Shoga yangu akainuka pale pale. "Mimi nafungua," akasema. "Kama amekufa, apumzike. Kama yuko hai, aje anigombeze, nitafurahi kumwona." Watu walicheka, naye akacheka, lakini siku ya kufungua nilimwona alivyolia. Hakulia kwa kuigiza.

Mmoja mmoja wakafungua. Kila mlango ukawa na matanga yake madogo, ukawa na kilio chake, mpaka ukabaki mmoja. Ndiyo, wangu. Na ungekuwa wa pembeni nisingesumbuliwa. Mji wa mume wangu ulikuwa ndio wa kwanza kujenga pale, kwa hiyo upenyo wake ulikuwa katikati, kwenye kina, pale mkondo unapopita kwa nguvu. Ningu wakubwa, majike wenye mayai, hawapiti pembeni kwenye maji ya kifundo cha mguu. Wanapita katikati au hawapiti.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Walikuja kukaa nami, wakaongea habari za kuku na za mvua, wakaaga. Baadaye wakaacha kuja. Asubuhi nilikuwa nasikia wanapita na vibuyu vyao kwenda kuteka maji, na wakifika karibu na mji wetu mazungumzo yanashuka. Zamani walikuwa wananiita. Nikiwasalimu waliitikia vizuri tu, lakini wanaendelea na safari. Mimi nikawa nateka maji baadaye, peke yangu, jua likiwa limeshakuwa kali, nikiutazama ule mlango. Alikuwa ameufunga vizuri, mshenzi yule. Kila fundo lilikuwa la mkono wake. Sikuwa na kitu kingine chake chenye mkono wake namna hiyo.

Nilichukia. Niliwachukia wao, nikamchukia yeye na baiskeli yake, nikawachukia hata ningu.

Mvua ikaja. Mchana ulipotulia nikasikia mto umebadilika sauti, nikachukua mundu. Mama mkwe wangu alikuwa anapeta mtama barazani. Aliuangalia mundu, akaniangalia mimi.

"Unakwenda wapi?"

"Mtoni, mama."

"Nina mtoto mmoja," akasema. "Usinizikie."

Niliondoka naye akaendelea kupeta, na ule mlio wa ungo ulinifuata mpaka kwenye matete.

Wanawake walikuwa ukingoni, maana siku hiyo kila mtu alijua ningu wamefika. Niliingia majini na nguo zangu. Maji yalinifika kifuani, na kabla sijaugusa uzio samaki walianza kunigonga miguuni na tumboni. Wazito, wamejaa mayai, wananigonga kama wanabisha hodi kwangu. Mimi tumbo langu halijawahi kubeba kitu, na hawa wamebeba mpaka wanapasuka, na mimi ndiye niliyewafungia. Nikalia humo humo majini, sikuona haya. Nikakata fundo la kwanza. La pili. Mengine nikayafungua kwa meno, sikutaka kuyakata yote. Mlango ukalegea, mkondo ukausukuma, na ningu wakapita. Wee! Walipita wakinisukuma kila upande, migongo nje ya maji, wengine wakiruka. Maji yote yalikuwa yanatikisika.

Sasa ilibaki kuachia mlango na kupiga yowe. Wanawake walikuwa wamesimama, mikono kichwani, wananisubiri. Nikafungua mdomo. Haikutoka sauti. Na mkono nao, niliuambia uachie, haukuachia. Nilisimama pale nimekumbatia matete yale mpaka baridi ikaniingia, wao wakisubiri, mimi nikishindwa.

Ndipo yowe likasikika. Halikutoka mtoni. Lilitoka huko juu, kwenye mji wetu, sauti ya mama mkwe wangu, peke yake barazani. Wanawake wakalipokea.

Nilitoka majini na mlango wangu kichwani, nikapita katikati yao. Mila ilikuwa inavunjwa mbele ya macho yao na hakuna aliyenizuia. Shoga yangu alinipisha njia, akanishika bega, akaniacha.

Mama mkwe alikuwa amekaa, mtama umemwagika. Aliponiona na ule mlango akanyamaza ghafla. Nilidhani atanifukuza. Aliinuka, akaupokea kichwani mwangu, akaufuta maji kwa kanga yake, polepole, fundo kwa fundo, kisha akauegemeza ukutani mahali jua linapopiga.

"Ukauke," akasema. "Akija atauulizia."

Ningu wamerudi mtoni kwetu. Mwaka baada ya mwaka tulifungua, wake na wajane na waume waliokuwepo, mpaka kufungua kwa mke kukawa si msiba tena, ikawa ni kazi. Mabinti walioolewa baadaye hawajui hata kwamba ilikuwa vingine. Mama mkwe alikufa, nikahamia mjini kwa dada yangu, na mlango nikaja nao kwenye treni. Umesimama nyuma ya kitanda changu. Miombo imeliwa na mchwa, nimefunga upya kwa uzi wa katani, lakini yale mafundo niliyoyafungua kwa meno sikuyarudishia. Yeye ndiye anajua yanavyofungwa.

Hajaja kuuliza.