Ufagio na Safari ya London

Kwetu Vihingo mtu akisafiri nyumba haifagiwi mpaka afike. Ukifagia, unamfagia yeye njiani. Kaka yangu akienda Dar es Salaam kwa miguu, kesho yake tunashika ufagio, yamekwisha. Lakini mwaka ule, Mwingereza bado anatutawala, kaka alipata nafasi ya kusoma London, akapanda ndege. Hapo ndipo nilipokoma!

Maana aliondoka Jumanne asubuhi, na Ijumaa watu wa Maili Moja walikuwa wanakuja kuniposa. Kijana mwenyewe, dereva wa lori, nilikuwa nimeshampenda. Na nyumba imejaa maganda ya muhogo, majivu na manyoya ya kuku. Aibu tupu.

Alhamisi nikamwendea mwalimu wa shule. Akafungua ramani, akapima kwa uzi, akakokotoa. "Maili zaidi ya elfu nne na nusu," akasema. "Pamoja na kutua njiani, siku moja na ushei." Nikarudi mbio.

"Mama, kaka kafika tangu jana!"

"Umemwona?"

"Mwalimu kapima kwa uzi."

"Mjomba wako alikwenda Makka kwa meli, wiki kadhaa baharini. London iko mbele ya Makka au nyuma?"

"Mbele, lakini mama..."

"Basi na wiki zizidi. Lete huo ufagio."

Akauficha darini. Nililia kwa hasira, nakwambia.

Ijumaa asubuhi, mama yuko jikoni uani, nikapanda nikauchukua. Nimesimama nao mlangoni, sijagusa hata unyoya mmoja, nikasikia hodi! Mama wa kijana huyo hapo, na shangazi wa kijana nyuma yake. Akatazama maganda, akatazama ufagio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kasafiri?"

Mama akaja mbio, mikono imejaa unga. "Mwanangu, mwenzangu. Kaenda London kwa ndege. Barua bado."

"Na huu ufagio je?"

Nikajua posa imekufa. Mama hakupepesa hata jicho. "Mimi ndiye niliyetaka kufagia, kwa kuwaonea haya wageni. Binti yangu kaninyang'anya. Kasema kaka yake kwanza."

Yule mama akakaa palepale katikati ya maganda, na kanga zake mpya. "Mwanangu yuko barabarani kila wiki," akasema. "Mke wa namna hii ndiye niliyekuwa namtafuta."

Barua ilipokuja, kaka alisema alifika Jumatano jioni. Nikamsomea mama kwa sauti, makusudi. "Unaona?" akasema. "Kafika salama kwa sababu hatukufagia."

Nikaolewa, nikakaa nyumba moja na mama mkwe. Mume wangu akipeleka lori Tabora, ufagio unaingia chini ya kitanda cha mama mkwe. Lori likikwama kwenye matope, basi wiki mbili tunatembea juu ya maganda. Nami nikithubutu kununa, mama mkwe anawaeleza majirani kwa fahari: "Mwacheni, anamwaza mumewe. Huyu hata mama yake mzazi alimnyang'anya ufagio."